Maswali ya Wasomaji: Kumtembelea Nyumbani Mtoto Mwenye Pumu

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinagusa jambo moja: mtoto anayebanwa na kifua, na mhudumu wa afya anayepita nyumbani kumwona. Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii Januari 2024, na Kenya iliwakabidhi wahudumu wake mikoba ya kazi Septemba 2023. Wengi wao wanafika kwenye nyumba kuulizia chanjo au malaria na kumkuta mtoto anayekohoa kila alfajiri. Kwa hiyo ukurasa wote tumeutoa kwa pumu.

Zahanati imenipa majina ya watoto watano wenye pumu niwatembelee. Nikifika naanzia wapi? Naogopa kuonekana nimekuja kukagua uchafu wa watu.
*Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Temeke, Dar es Salaam*

Hofu yako ni ya haki, ndugu yetu. Ukianza kwa kukodolea macho dari na kona za chumba, mama atajifunga na hutapata neno la kweli siku hiyo. Anza na mtoto na dawa zake, chumba kitafuata. Salimia, kaa, kisha uliza: "Mara ya mwisho alipobanwa, siku ile ilikwendaje tangu asubuhi?" Swali hilo huleta habari ambazo fomu haiwezi kuzipata. Utasikia alikuwa na mafua, au jirani alikuwa anachoma taka, au dawa ilikuwa imeisha wiki mbili nyuma.

Baada ya hapo uliza mambo manne kuhusu wiki 4 zilizopita. Mchana alikohoa au kifua kupiga filimbi zaidi ya mara 2 kwa wiki? Aliamka usiku kwa sababu ya kifua, hata mara moja? Alihitaji inhela ya kutuliza (kopo la dawa ya kuvuta inayofungua kifua haraka) zaidi ya mara 2 kwa wiki? Alishindwa kukimbia na kucheza na wenzake? Ikiwa hakuna "ndiyo" hata moja, pumu imetulia. Moja au mbili, imetulia nusunusu. Tatu au nne, haijatulia, na mtoto arudi kliniki ndani ya siku chache bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 6 kipimo ni kikali zaidi: dalili za mchana au kutumia inhela ya kutuliza zaidi ya mara 1 kwa wiki tayari ni "ndiyo".

Kisha omba kuona dawa zote, hata zilizoisha. Mwambie mama au mtoto, "Nionyeshe mnavyoivuta," halafu nyamaza utazame mpaka mwisho. Usimkatize. Hapa ndipo ziara inapolipa, kwa sababu kliniki huandika dawa lakini mara chache huona inavyotumika. Utakuta kopo halikutikiswa. Utakuta mama anabonyeza mara tatu mfululizo, matone ya dawa yanagongana na kunata kwenye kuta za spesa (chombo cha kati kinachopokea dawa ya inhela kabla mtoto hajaivuta), na mtoto anavuta kidogo sana. Wengine hawana spesa kabisa, dawa inapiga ulimi na koo na kuishia hapo. Mtoto mdogo anashikwa kwa nguvu akilia, na mtoto anayelia hupeleka dawa ndogo mno mapafuni. Sahihisha kosa moja, lile kubwa, kisha waache warudie mbele yako mara mbili. Inhela yako ya kuonyeshea isiguse kinywa cha mtu. Kila mtoto ajifunze kwa yake.

Sasa omba ruhusa: "Naweza kuona anapolala?" Tazama umbali kati ya kitanda na jiko, godoro ni la nini, ukuta una unyevu au ukungu, dawa ya mbu wanayotumia, kama kuku wanalala ndani. Usitoe hotuba ya mambo kumi. Mwachie mama achague mawili anayoweza kuyafanya kwa mwezi huu, uyaandike kwenye daftari lake, si kwenye la kwako peke yake. Rudi baada ya wiki 2, kisha mwezi, kisha miezi 3. Na ziara ya pili usiulize "Mlifanya?" Uliza "Kipi kilikuwa kigumu?"

Kazi hii ina historia kwingineko. Hospitali ya watoto ya Boston, Marekani, imekuwa na ziara za nyumbani kwa watoto wenye pumu tangu 2005. Kilichojitokeza huko na kwingine ni kwamba ziara inayogusa mambo kadhaa kwa pamoja, yaani dawa, malazi, wadudu na moshi, hufaa kuliko kugawa foronya maalumu na kuondoka.

Mwanangu ana miaka 7. Kliniki imempa inhela mbili, lakini majirani wananiambia ile ya kahawia itamzoesha na kumdumaza. Kwa hiyo nampa ya bluu peke yake, na akizidiwa nanunua siropu ya kifua dukani. Nakosea?
*Mama wa watoto watatu, Kisauni, Mombasa*

Mama, unakosea, na kosa hili ndilo linalowarudisha watoto wengi wodini, kwa hiyo tulifafanue kwa urefu.

Pumu ni uvimbe wa njia za hewa. Uvimbe upo hata siku ambazo mtoto anacheka na kucheza. Akikutana na moshi, mafua au vumbi, misuli inayozunguka njia hizo inakaza, makamasi yanajaa, hewa inakosa pa kupita. Salbutamoli, ambayo mara nyingi huja katika inhela ya bluu, inalegeza misuli ndani ya dakika chache. Haigusi uvimbe. Beklometasoni au budesonidi, mara nyingi ya kahawia, ndiyo inayopunguza uvimbe, na huifanya kazi hiyo polepole kwa siku na wiki. Ukimpa ya bluu peke yake unafuta moshi na kuuacha moto. Rangi hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, hivyo soma jina lililoandikwa kwenye kopo.

Kuhusu kumzoesha: hakuna uraibu katika dawa hizi. Kuhusu kudumaa: steroidi ya kuvuta, yaani aina ya dawa iliyo kwenye inhela ya kahawia, kwa kipimo kidogo inaweza kupunguza kimo kwa takriban sentimita 1, na pumu isiyotulia nayo hudumaza. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni vidonge vya prednisoloni vinavyonunuliwa tena na tena bila cheti. Hivyo hupeleka steroidi mwili mzima kwa kipimo kikubwa kuliko mibonyezo ya miezi mingi. Vina mahali pake, kwa siku 3 hadi 5 mtoto anapozidiwa, kwa agizo la daktari.

Sasa ile siropu. Siropu ya salbutamoli kwa kawaida ina miligramu 2 katika kijiko cha mililita 5. Mbonyezo mmoja wa inhela ni maikrogramu 100. Maana yake kijiko kimoja kina dawa mara 20 ya mbonyezo mmoja, lakini inapita tumboni, inaingia kwenye damu, inatetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio, na inachelewa kufika pale inapotakiwa. Fedha ya siropu iweke kwenye inhela.

Ya kahawia apewe kila siku kama ilivyoandikwa, asubuhi na usiku, awe mzima asiwe mzima. Iweke karibu na mswaki. Avute kwanza, kisha apige mswaki, asukutue na kutema. Hilo huzuia utando mweupe mdomoni.

Na hesabu. Kopo lenye mibonyezo 200, mtoto akitumia 2 asubuhi na 2 usiku, ni siku 50. Siku unayolifungua andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito, na pembeni andika tarehe ya kuisha. Kopo lililoisha dawa bado hutoa upepo na sauti ileile, na mama huapa dawa ipo. Usilipime kwa kulielesha majini, jibu lake si la kuaminika. Ya bluu nayo itazame: mtoto anayemaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka yuko hatarini, na kliniki ijue.

Spesa ya dukani inanishinda bei. Nimesikia chupa ya maji inaweza kufanya kazi hiyo. Ni kweli, na inatengenezwaje?
*Baba, Nyegezi, Mwanza*

Ni kweli kabisa. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti uliolinganisha spesa ya kiwandani na vifaa vya kujitengenezea kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri pale inhela inapoingia ilifanya kazi sawa na ya kiwandani. Chupa isiyozibwa ilikuwa dhaifu kidogo, na kikombe cha povu kilikuwa cha mwisho. Kwa hiyo, baba, kazi yote iko kwenye tundu.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita yenye kitako bapa. Za soda zina vifundo vitano chini na ni shida kukata. Ioshe, itoe karatasi, iache ikauke. Simamisha mdomo wa inhela katikati ya kitako na uchore kuuzunguka kwa kalamu. Pasha moto waya mnene au ncha ya kisu cha zamani, ukiwa nje na mtoto akiwa mbali, maana moshi wa plastiki ni mbaya kwake. Yeyusha tundu dogo kuliko mchoro, kwa upana wa mstari wa kalamu. Ukikata mchoro wenyewe, tundu litalegea. Sukuma inhela iingie kwa kubana, iwe imesimama wima huku chupa imelala. Sugua kingo zenye ncha, kung'uta chupa, pitisha kidole ndani ya tundu: chembe ya plastiki iliyobaki itavutwa na mtoto. Zungushia plasta au utepe mpana pale inhela inapokutana na chupa. Gundi yenye harufu kali tusingependekeza, na kama huna kingine, iache ikauke siku nzima juani.

Plastiki mpya ina umeme tuli unaovuta dawa kwenye kuta. Uondoe hivi: tia maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tikisa, mwaga, usisuuze ndani, usifute kwa kitambaa, ning'iniza ikauke yenyewe. Mdomo wa chupa anapoweka kinywa ndio uoshwe kwa maji safi. Rudia mara moja kwa mwezi.

Kutumia: tikisa inhela. Kama ni mpya au haijaguswa kwa wiki kadhaa, nyunyiza hewani mara 2 hadi 4 kwanza. Mtoto akae wima, aufunike mdomo wa chupa kwa midomo yake bila meno kuzuia njia. Bonyeza mara moja. Avute na kutoa pumzi za kawaida 5 au 6 bila kutoa chupa mdomoni. Subiri kama nusu dakika, tikisa tena, ndipo mbonyezo wa pili. Mtoto chini ya miaka 4 kwa kawaida hawezi kubana midomo, naye anahitaji spesa yenye barakoa inayofunika pua na mdomo bila mwanya shavuni. Uliza zahanati. Ni bora kumsubiri atulie, au umpe akiwa amesinzia mapajani, kuliko kupambana naye. Chupa ikipasuka au tundu likilegea, tengeneza nyingine jioni hiyohiyo.

Mjukuu wangu ana pumu. Mhudumu aliyekuja amesema nisifukize udi wala ubani nyumbani, na nisimfukize mtoto kwa majani ya mkaratusi. Udi ndio heshima ya nyumba yangu. Niache yote?
*Bibi, Tanga*

Shikamoo bibi. Hatukuambii uutupe udi. Tunakuomba uutenganishe na pumzi za mjukuu.

Moshi wa udi na ubani, hata ukinukia vipi, ni chembechembe ndogo zinazoshuka ndani kabisa ya mapafu, kama moshi wa kuni. Fukiza akiwa shuleni au kwa shangazi, madirisha yote wazi, chetezo ukitoe nje kikishamaliza kazi, na nyumba ipumue saa moja au zaidi kabla hajarudi. Nguo zako zifukize, zianike upenuni, ndipo uzivae. Shuka, mto na chandarua cha mtoto visifukizwe kabisa, kwa sababu atalala pua ikiwa imezama humo kwa muda wa saa nane. Siku ya maulidi au hitima, akae karibu na mlango, upande upepo unakotoka, na inhela yake ya kutuliza iwe mfukoni kwa mtu mzima mmoja anayejulikana. Ikiwa hata harufu ya nguo inambana, basi huyo ni mtoto asiyevumilia kabisa, na tunajua kwamba kwa ajili yake utakubali chetezo kipumzike.

Kumfukiza kwa mvuke ni jambo jingine, na hapo tunasimama na mhudumu wako. Mvuke haufungui njia za hewa zilizokaza. Harufu kali ya mkaratusi inaweza kuzikaza zaidi, na mtoto aliyefunikwa blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka yuko hatua moja tu kutoka kuungua. Akibanwa, muda huo ni wa inhela.

Dawa ya mbu ya kuchoma iondoke chumbani mwake. Chandarua kilichopachikwa vizuri chini ya godoro kinatosha na hakitoi moshi.

Tumepanga chumba kimoja. Ukumbi ni wa wote, na wapangaji watatu wanapikia mkaa hapo hapo. Mende nao wamejaa. Mhudumu anasema "ondoa moshi, ondoa wadudu", lakini nyumba si yangu.
*Mpangaji, Mbagala*

Tunakuelewa, na mhudumu anayesema hivyo na kuondoka hajamaliza kazi yake. Katika nyumba ya kupanga mgonjwa ni mmoja lakini moshi ni wa wote, kwa hiyo mazungumzo yawe ya wote. Mhudumu ana nafasi wewe huna: anaweza kuomba kikao kifupi na wapangaji, akiwa na mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa, bila wewe kuonekana mshitaki. Ombi la kwanza liwe dogo: jiko liwashwe nje, uani, si ukumbini. Moshi mwingi hutoka dakika za kuwasha, hasa kwa mafuta ya taa au mifuko ya plastiki. Plastiki isiwashie jiko popote. Ombi la pili ni kupikia nje siku zisizo na mvua. Kama mna nafasi ya mabati mawili, jengeni kijibanda uani, upande ambao upepo hauelekei madirishani.

Wakati wenzako wanapika, funga mlango wako wa ukumbini, tandika kitambaa chenye unyevu chini yake, fungua dirisha la upande wa pili. Geuza kitanda ili kichwa cha mtoto kiwe dirishani. Gesi ni nafuu kubwa kwa kifua kuliko mkaa. Mkiweza kuchangia mtungi wa kilo 6 kwa chai na uji wa asubuhi tu, mtakuwa mmepunguza moshi wa saa ambayo mtoto bado yuko kitandani.

Mende: kinyesi na maganda yao ni miongoni mwa vichochezi vikali vya pumu mijini. Usipulize dawa ya kopo, kwa kuwa humbana mtoto na kuwahamishia mende chumba cha jirani, nao hurudi. Tumia jeli ya mende. Weka vitone vya ukubwa wa punje ya mchele nyuma ya kabati, kwenye bawaba za milango, chini ya beseni la vyombo, mahali ambapo mtoto hafiki. Usipulize dawa nyingine juu ya jeli wala usiisafishe kwa sabuni, hawataila. Chakula kiingie kwenye makopo yenye vifuniko, vyombo visilale vichafu, na maji yanayovuja yazibwe, kwa sababu mende huvumilia njaa muda mrefu lakini kiu kidogo tu. Baada ya wiki mbili futa maganda na kinyesi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mende waliokufa wakibaki wanaendelea kumbana mtoto.

Godoro nalo. Utitiri wa vumbi hauonekani kwa macho na hupenda godoro na mto wa sufi uliozeeka. Foronya na shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto. Nusu ndoo ya maji yaliyochemka ukichanganya na nusu ya maji ya bomba unapata karibu nyuzi 60, joto linalowaua. Vaa glavu au koroga kwa mti, na mtoto asisogee karibu. Godoro livalishwe mfuko wa zipu kama upo, la sivyo litolewe kwenye jua kali kutwa na kupigwa nje, na si mtoto wa kulipiga. Fagia baada ya kunyunyiza maji, au piga deki kabisa, mtoto akiwa nje.

Huku Njombe kuna baridi kali, na baridi humkohoza mwanangu. Usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani kumpasha, na tunahakikisha halina moshi. Kuna ubaya?
*Mama, Njombe*

Mama, tunakusihi uache usiku wa leo. Mkaa usiotoa moshi bado hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua familia nzima ikiwa usingizini. Mpashe kwa nguo: soksi, kofia, blanketi mbili nyepesi badala ya moja zito. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa imara na kuviringishwa kwenye taulo iwekwe kitandani robo saa kabla hajalala, kisha itolewe. Asubuhi akitoka nje afunike pua na mdomo kwa skafu ili hewa ipate joto kabla ya kuingia kifuani.

Nina wanafunzi wawili wenye pumu darasani. Inhela zao zimefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Michezo je, niwazuie?
*Mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro*

Mwalimu, anza na hilo kabati. Mtoto akibanwa saa nne na mwenye ufunguo yuko kikaoni, inhela ni kama haipo. Mtoto anayejua kuitumia akae nayo kwenye begi lake. Wa madarasa ya chini, iwe mezani kwa mwalimu wa darasa, pamoja na chupa yake, ikiwa na jina na tarehe ya kuisha. Mhudumu anayemtembelea nyumbani aombwe apite na shuleni mara moja kwa muhula. Mkae watatu na mzazi, muandike karatasi moja: jina, dawa, dalili zake za mwanzo, namba za simu mbili. Ibandikwe ndani ya mlango wa ofisi.

Michezo wasizuiwe. Mtoto anayezuiwa kukimbia ni mtoto ambaye pumu yake haijatibiwa ipasavyo, na hiyo ni habari ya kupeleka kliniki. Kliniki ikiwa imeagiza, avute mibonyezo 2 ya dawa ya kutuliza dakika 10 hadi 15 kabla. Wote waanze kwa kukimbia polepole dakika 10. Ubao ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu, na kama darasa linafagiliwa, wawili hao wapewe kazi ya kumwagilia maua.

Mayai ya kware yanatibu pumu? Na paka wetu tumtoe?
*Msomaji, Thika, Kenya*

Mayai ya kware ni chakula kizuri, hayatibu pumu. Paka: kama mtoto hupiga chafya au kubanwa akimshika, paka alale nje na asiingie kabisa anapolala mtoto. Kama hana dalili yoyote akiwa naye, msimtese paka bure.

Natembelea kaya zilizo mbali na hospitali, zaidi ya kilomita 10. Nitajuaje kifua hiki si cha kusubiri? Na je, nitajuaje kama si pumu?
*Mhudumu wa afya ya jamii, Kilifi*

Tuanze na la pili kwa ufupi. Kikohozi cha wiki 2 na zaidi chenye homa, kukonda au mtu mwenye kifua kikuu nyumbani kipimwe kifua kikuu kwanza. Mtoto mdogo aliyeanza ghafla kukoroma kifua wakati akila karanga au kuchezea shanga huenda amevuta kitu kikakwama njia ya hewa, hasa ikiwa mlio uko upande mmoja. Huyo aende hospitali siku hiyo, inhela haitamsaidia. Homa na kupumua haraka bila mlio wa filimbi huenda ni nimonia.

Kwa mwenye pumu, usisubiri ukiona lolote kati ya haya: hawezi kumaliza sentensi, au mtoto mchanga hawezi kunyonya; ngozi kati ya mbavu na chini ya koo inaingia ndani kila anapovuta; midomo ina rangi ya bluu au kijivu; anasinzia au amechanganyikiwa. Na hili linalowadanganya wengi: kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kimenyamaza ghafla huku mtoto bado anahangaika. Hajapona, hewa haipiti tena. Kama una kipima oksijeni cha kidole, chini ya 92 ni safari, lakini kidole kiwe na joto, kucha isiwe na rangi, na namba ikae bila kurukaruka kabla hujaiamini. Dalili zikionyesha hatari na kipimo kinasema sawa, fuata dalili.

Mkalishe wima, ameinama mbele kidogo, usimlaze. Mpe dawa ya kutuliza mibonyezo 4 kwa spesa, mmoja mmoja, kila mmoja pumzi 4 hadi 6. Subiri dakika 4. Bila nafuu, mpe 4 tena na mwite dereva papo hapo. Mwenye dalili za hatari dereva aitwe kabla ya mbonyezo wa kwanza. Njiani endelea na 4 kila baada ya dakika 4. Mikono itatetemeka na moyo utaenda mbio, hayo hupita. Akipata nafuu lakini akahitaji dawa tena kabla ya muda wa saa 4 kupita, bado ni wa hospitali usiku huohuo.

Safari yenyewe ipangwe mchana, kwenye ziara ya kwanza. Namba za madereva wawili wa bodaboda wanaokubali kuamshwa ziandikwe ukutani, na akiba ya nauli ikae kwenye kopo lake isiyoguswa. Usiku huo mtoto akae katikati, ameketi wima, mgongo kwa kifua cha mtu mzima anayemshika kwa nyuma. Asifunikwe uso kwa kanga. Chupa na inhela viwe mkononi, na dereva asimame kandokando ya njia kila mnapohitaji kubonyeza. Makopo yote ya dawa, hata yaliyoisha, yaende naye kwenye mfuko mmoja ili daktari wa zamu ayasome.